Mshirika aje na kinachokosekana, na mkataba usomwe barazani

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo huku Pwani linatajwa kila siku na kufafanuliwa mara chache: ushirikiano. Redioni, kwenye mikutano ya kaunti na hata magazetini, vikundi vya kina mama, vijana na wavuvi vinahimizwa "vitafute washirika" ili biashara zao za kijamii zikue. Mshirika wa aina gani, aje kufanya nini, na kwa masharti yepi, hatuambiwi.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kina mama tunaotengeneza sabuni ya mwani kusini mwa Kaunti ya Kwale. Faida hatugawani yote. Sehemu inakwenda kwenye karo za watoto wa kijiji, na sehemu inawanunulia wakulima wenzetu wa mwani kamba na taitai, yaani vijikamba vya kufungia mbegu, pale bahari inapowaharibia mashamba. Daftari la hesabu liko kwangu, kwa hiyo nimeona ni ushirikiano upi ulioongeza watu wanaofaidika na upi ulioishia siku ya uzinduzi. Ninaloamini ni hili: mshirika anayekuza kazi ya kijiji ni yule anayeleta kitu ambacho kijiji hakina na hakiwezi kukipata peke yake, na masharti yake yakajulikana na wote kabla ya saini. Misaada mingine naiheshimu, lakini haijatukuza.

Ushahidi wangu mkubwa hauko kwenye kikundi changu. Uko Gazi, kwa majirani zetu.

Wasomaji wengi wa Pwani wamesikia habari za Mikoko Pamoja, mradi wa vijiji vya Gazi na Makongeni ambao tangu 2013 unauza hewa ya kaboni inayofyonzwa na kuhifadhiwa na mikoko ya ghuba yao, kwa wanunuzi wanaolipa ili kufidia hewa chafu wanayoitoa wenyewe. Msitu unaohusika ni hekta 117 tu. Kenya ina zaidi ya hekta 60,000 za mikoko, nyingi zikiwa Lamu, hivyo kipande cha Gazi ni kidogo sana. Lakini kipande hicho huuza takriban tani 3,000 za hewa ya kaboni kwa mwaka, na fedha zake zimeleta maji ya bomba vijijini na vitabu katika shule za msingi. Mwaka 2017 mradi ulipewa Tuzo ya Ikweta na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Wageni wengi wanaokuja kuutazama huondoka wakiisifu mikoko. Mimi nawaomba wasomaji watazame kwa makini namna washirika walivyopangwa, maana mikoko ilikuwapo Gazi miaka yote na haikuwahi kulipia kitabu cha mtoto yeyote.

Watu wa Gazi walikuwa na nini? Walikuwa na msitu mlangoni na ujuzi wa kuuishi. Mzee wa pale anautofautisha mkoko na mchu, mlilana na mkandaa akiwa bado mbali ndani ya ngalawa. Anajua ni kijito kipi kinachoingiwa usiku na wakata boriti, na anajua ni nani anayewanunua. Ujuzi huo hauna mbadala. Hakuna mlinzi wa kuajiriwa kutoka mbali atakayeulinda msitu kama mtu ambaye kaa na kamba wake wanazaliwa mle.

Ila ujuzi huo peke yake hauuziki London. Mnunuzi wa kaboni anataka kujua tani ngapi, zimepimwa vipi, na nani anathibitisha kwamba mwakani msitu bado utakuwepo. Sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko haiko kwenye shina wala majani. Iko kwenye tope, chini ya mizizi, imejilimbikiza kwa miaka mingi mno. Kuipima inabidi uzamishe bomba maalumu kwenye tope, utoe mche mrefu wa udongo, uukate vipande na ukavikaushe maabara. Kazi hiyo ilifanywa na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ambayo ina kituo chake hapo hapo Gazi. Wataalamu wake, akiwemo Dkt. James Kairo, walikuwa wakipanda upya mikoko kwenye ghuba hiyo tangu miaka ya 1990, baada ya sehemu zake kukatwa ovyo kwa ajili ya kuni za viwandani. Kwa hiyo mradi ulipoanza, mtaalamu na mwanakijiji walikuwa tayari wamefahamiana kwa miaka mingi, wamekanyaga tope moja.

Msitu wenyewe ni mali ya serikali. Bila ridhaa ya Huduma ya Misitu ya Kenya, kijiji kingekuwa kinauza kisicho chake. Hapo Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyofungua mlango, kwa sababu iliruhusu wananchi waunde vyama vya jamii vya misitu na kuwekeana mkataba na serikali wa kuusimamia msitu pamoja. Kisha akahitajika mtu wa nje wa kukagua, na huyo akawa Plan Vivo, shirika la Scotland linaloweka viwango vya miradi ya aina hii. Akahitajika wa kutafuta wanunuzi na kupokea fedha kwa njia iliyo wazi, na huyo akawa ACES, shirika la hisani lililosajiliwa Scotland hiyo hiyo. Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier, kupitia Profesa Mark Huxham na wenzake, kilisaidia katika utafiti.

Naomba msomaji amtoe mmoja wao aone kinachobaki. Ukimtoa mtafiti, kijiji kina miti na hakina hesabu. Ukiitoa Huduma ya Misitu, hakuna haki ya kuuza. Ukimtoa muuzaji wa Scotland, cheti kinakaa kabatini. Ukikitoa kijiji, watafiti wanabaki na makala nzuri kuhusu msitu uliokatwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuja kufanya kazi ambayo mwingine alikuwa akiifanya tayari. Hapo ndipo miradi mingi ninayoijua inapotofautiana na Gazi: unakuta mashirika matatu yanafundisha kikundi kimoja "ujuzi wa biashara", kwa kurasa zinazofanana, na hakuna hata moja linaloleta mnunuzi.

Kuna jambo jingine la Gazi ambalo halitajwi sana na mimi naliona kubwa. Ukiwazuia watu kukata mikoko, nyumba bado zinataka boriti na jiko bado linataka kuni. Wangeweza kwenda kukata ghuba ya jirani, na hapo kaboni ingekuwa imehama tu, haijahifadhiwa. Mpango wa Mikoko Pamoja uliingiza upandaji wa mivinje ili watu wapate nguzo na kuni kutoka nchi kavu. Aliyefikiria hivyo alimfikiria fundi wa nyumba za makuti na mama mwenye jiko la mafiga, watu ambao wangepoteza riziki mradi ukifaulu. Ushirikiano usiomuuliza anayepoteza hujijengea maadui tangu siku ya kwanza.

Fedha nazo zinaamuliwa barazani. Kamati inatoka vijiji vyote viwili, na wananchi ndio wanaosema mwaka huu tuweke bomba au tununue madawati. Hilo nitalirudia mbele kwa sababu limetugusa sisi moja kwa moja.

Sasa tazameni jinsi kazi hiyo ilivyokua. Gazi haikunyang'anya msitu wa mtu ili iongeze hekta. Ilichofanya ni kwamba washirika wale wale walichukua walichojifunza wakakipeleka kusini, mpakani na Tanzania, na kuanzia 2019 vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vikaanzisha mradi wao wa hekta karibu 460, mara nne ya ule wa Gazi. Wazee wa Vanga walikuta namna ya kupima imeshapatikana, mfano wa mkataba na Huduma ya Misitu upo, na muuzaji anajulikana. Kijiji kimoja kilitangulia kwa taabu, cha pili kikapita njia iliyokwisha fyekwa. Naona hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote ya mshirika mzuri: hukumbuka. Kikundi cha kijiji hubadilisha viongozi, wanachama huolewa wakahama, daftari hulowa. Taasisi ya utafiti au chuo kikuu huhifadhi maarifa na kuyapeleka kwingine.

Nirudi kwenye mwani, ambao ndio mkate wangu.

Kilimo cha mwani wa kuuza nje kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, Paje na Jambiani, kikasambaa hadi kikaajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake, na baadaye kikafika kwetu Kwale, Kibuyuni na vijiji vya jirani. Kazi yenyewe inafanywa wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali. Unachomeka vigingi, unatandaza kamba, unafunga vipande vya mbegu kwa taitai, kisha unangoja kama wiki sita. Joto la bahari likizidi, mwani unapauka na kukatika, na unaokota vigingi vitupu. Mavuno yanaanikwa kwenye vichanja hadi yakauke vizuri, ndipo anakuja mnunuzi mwenye gunia na mizani yake. Kilo ya mwani mkavu haifikii bei ya kilo ya unga wa sima. Mama anayelowa kiunoni tangu alfajiri analipwa chini ya bei ya chakula atakachopika jioni.

Zanzibar waliliona hilo mapema. Mwaka 2006, Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliwaleta pamoja wakulima, watafiti, serikali na wafanyabiashara katika mpango wa kongano la mwani, na kina mama wa huko wakaanza kusaga mwani na kuutia kwenye sabuni. Kina mama wenzetu wa huku waliposikia kwamba kilo ile ile, ikisagwa na kuchanganywa na mafuta ya nazi, inatoa vipande vingi vya sabuni, hakuna aliyehitaji kushawishiwa.

Kutengeneza sabuni tulijifunza kwa haraka. Kuiuza ndiko kulikotukwamisha. Tulikuwa tukiuza kwenye harusi, kwenye maonyesho ya kilimo, kwa jamaa wa Mombasa, na mwezi ukiwa mbaya tunakopeshana wenyewe kwa wenyewe. Kisha afisa ununuzi wa hoteli moja ya Diani alinunua vipande vichache, akavitazama mezani pake mbele yetu, akavipanga mstari. Akasema, "Mama zangu, sabuni hii ni nzuri, wageni wangu wataipenda. Lakini tazameni: hiki kinene, hiki chembamba, hiki rangi yake nyingine. Siwezi kumwekea mgeni wa chumba hiki kikubwa na wa chumba kile kidogo." Hakutupa semina. Alituonyesha pengo letu lilipo, kwa kidole, na akasema likizibwa atanunua kila mwezi.

Aliyetuzibia pengo ni mwalimu wa chuo cha ufundi. Sisi tulikuwa tukipima mafuta kwa kikombe na kostiki, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, kwa kijiko. Yeye akatuletea mizani ya gramu, akatuandikia ukutani kwa chaki: mafuta kiasi hiki, maji kiasi hiki, kostiki kiasi hiki, unga wa mwani usizidi hapa. Akamwelekeza seremala wetu atengeneze sanduku la mvule lenye mifereji pembeni, ili waya wa kukatia upite pale pale kila mara. Akatukataza kuuza kipande chochote kabla hakijakaa rafuni wiki nne, maana sabuni changa inachoma ngozi na inayeyuka bafuni siku mbili. Hizo wiki nne ndizo zilizokuwa ngumu. Mwenye njaa haoni sababu ya kuiacha bidhaa ikae rafuni mwezi mzima.

Hapo akaingia mshirika wa tatu, chama chetu cha akiba na mikopo. Barua ya hoteli, yenye idadi ya vipande vya kila mwezi na siku ya malipo, ndiyo iliyokuwa dhamana yetu. Tulikopeshwa fedha za kuwalipa wakulima papo kwa papo huku sabuni ikikauka. Matokeo yake ni kwamba leo wanawake tunaowanunulia mwani ni wengi kuliko wanachama wa kikundi chenyewe, na tunawalipa zaidi ya anavyolipa yule mwenye gunia na mizani yake. Hoteli ilileta soko, mwalimu akaleta kipimo, chama kikaleta muda. Hakuna aliyetoa zawadi, na kila mmoja anapata chake: hoteli ina sabuni ya kuwaelezea wageni wake, chuo kina mahali pa kuwaleta wanafunzi, chama kina wakopaji wanaolipa.

Nasema haya nikijua kuna ushirikiano uliokwenda kinyume. Shirika moja, ambalo sitalitaja, lilituletea mashine kubwa ya kusagia mwani. Palikuwa na turubai, viti, hotuba na chakula. Fundi wa umeme alipokuja kuiunganisha akatuambia inataka umeme wa fezi tatu, na kijijini kwetu nguzo zinaleta fezi moja. Hakuna aliyeuliza. Mashine iko chini ya turubai hadi leo, na mwani bado tunaupeleka kwenye kinu cha posho cha mjini, ambako mwenye kinu analalamika, na ana haki, kwamba chumvi inamlia nyavu za kinu. Kwa thamani ya mashine ile tungeweza kulipia alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kupata kinu kidogo cha fezi moja. Wahisani wanaosoma barua hii nawaomba jambo moja: kabla ya kununua chochote, njooni mkae na sisi kutwa nzima siku ya kazi, bila hotuba. Mtaliona pengo wenyewe.

La pili linaniuma zaidi, na ndilo lililonifanya nisimamie suala la baraza. Mfanyabiashara mmoja alikuja na ahadi ya kununua sabuni yetu yote. Mkataba ulikuwa kurasa nyingi za Kiingereza, na mwenyekiti wetu alikuwa akipigiwa simu atie saini siku ile ile kwa sababu "nafasi itapotea". Tuliomba tafsiri ya Kiswahili. Haikuja. Kijana wetu mmoja anayesomea sheria aliporudi likizo akatusomea kwa sauti, kifungu kwa kifungu, tukiwa tumekaa mkekani. Kifungu kimoja kilisema hatutamuuzia mtu mwingine yeyote, wala hoteli, wala jirani, kwa muda wote wa mkataba, ilhali yeye hakulazimika kununua kiwango chochote. Kingine kilisema jina la sabuni na mchoro wa kibandiko ni mali yake. Mchoro ule ulichorwa na binti wa mwanachama wetu. Bibi mmoja ambaye hajui kusoma aliuliza swali lililomaliza kikao: "Akiacha kununua, tutauza kwa jina la nani?" Hatukutia saini, na yule bwana hakurudi.

Mkataba ule haukuwa na neno la uongo. Ulitegemea tu kwamba sisi hatutausoma. Ndiyo maana nasema baraza si adabu ya kijiji peke yake. Ni kinga ya biashara. Katika miradi ya kaboni, sheria sasa imelitambua hilo. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yaliyopitishwa 2023 yanautaka mradi uwe na mkataba wa maendeleo na jamii, na kwa miradi ya ardhini jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya kuondoa gharama. Nashukuru kwa hilo. Kwenye sabuni, asali, vikapu, samaki wa kukausha na mafuta ya nazi hakuna kinga ya namna hiyo, na huko ndiko waliko kina mama wengi zaidi.

Kuna wanaosema kwamba washirika huwafanya wanakijiji wawe tegemezi, na siku wakiondoka kila kitu huanguka. Wasiwasi huo nauelewa. Tumeuona kwetu Kwale. Kampuni ya Base Titanium ilipokuwa ikichimba madini hapa, ilishirikiana na wengine kuwaunga mkono wakulima, na pamba ya Kwale ikapata mnunuzi wa mbali, kampuni ya nguo ya Cotton On ya Australia. Wengi wetu tuna jamaa waliolima pamba hiyo, na ilikuwa ajabu njema kuona zao lililosahaulika huku kwetu likirudi mashambani. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024. Madini huisha, hilo si kosa la mtu. Lakini kila kikundi katika kaunti hii kingepaswa kujiuliza tangu mwanzo: mshirika huyu ana mwisho wake lini, na akiondoka, ni kitu gani alichokuwa akikifanya kitakachobaki bila mtu? Biashara iliyoegemea mshirika mmoja huyumba naye. Gazi wana wanne au watano, na kila mmoja ana sababu yake mwenyewe ya kubaki. Mtafiti anabaki kwa sababu ya utafiti, Huduma ya Misitu kwa sababu ya msitu, na muuzaji kwa sababu wanunuzi wapo.

Sisi wenyewe wa vikundi pia tuna la kufanya, na hili nawaambia wenzangu kwa upendo. Kuanzia Gazi hadi Vanga kuna vikundi vya sabuni, vya mwani, vya asali ya mikoko, na kila kimoja kina kibandiko chake, kinatafuta alama ya ubora peke yake, na kinakodi gari lake kwenda Diani na boksi mbili. Hoteli kubwa ikitaka sabuni nyingi kwa mwezi mmoja, hakuna kati yetu anayeweza, basi inaagiza kutoka nje. Tunashindana kwa senti huku oda kubwa ikitupita barabarani. Mshirika wa kwanza wa kikundi cha kina mama ni kikundi kingine cha kina mama. Tukiwa na kipimo kimoja, sanduku la ukubwa mmoja na chama kimoja cha ushirika cha kuuzia, tutabaki na majina ya vijiji vyetu kwenye kibandiko na bado tutaweza kujaza oda. Kina mama wa Gazi wanaopokea watalii kwenye daraja lao la mbao la kupitia mikokoni wanaweza kuuza sabuni yetu pale pale, nasi tukawatumia wageni wanaotutembelea. Mazungumzo hayo tumeyaanza na vikundi viwili vya jirani, na mvutano mkubwa mpaka sasa ni nani atashika daftari. Nimesema hadharani kwamba niko tayari litoke kwangu.

Kwa serikali ya kaunti nina ombi ambalo halitaki bajeti kubwa. Mikopo na mitaji midogo inayogawiwa vikundi kila mwaka iendelee, lakini sehemu yake igeuzwe iwe ya kulipia vitu ambavyo kikundi kimoja hakiwezi: upimaji wa maabara, ada za alama ya ubora, na mwanasheria mmoja katika kila kaunti ndogo wa kuwasomea wananchi mikataba kwa Kiswahili. Mwanasheria mmoja tu, siku moja kwa wiki, kwenye ofisi ya chifu. Najua kaunti yetu ina mahitaji mengi. Nawaomba wahesabu ni kiasi gani wananchi wamepoteza kwa karatasi wasizozisoma.

Na kwa wenye hoteli za Diani, Galu na Tiwi: mnawaonyesha wageni bahari yetu, na katika vitabu vyenu vya vyumbani mnaandika kwamba mnajali jamii za wenyeji. Njia ya kulionyesha hilo iko kwenye idara yenu ya ununuzi. Tuandikieni oda ya mwaka mzima badala ya kununua kapu moja la zawadi za Krismasi. Tuambieni ukubwa, uzito, harufu na siku mnayolipa, na msicheleweshe malipo kupita mwezi, kwa sababu anayengoja pesa hizo ni mama aliyekwisha kuuvuna mwani wake. Tukikosea kipimo, turudishieni, tutarekebisha.

Kikundi chetu kimeandika rasimu ya mkataba wa kuuza bidhaa, kurasa mbili, kwa Kiswahili. Inasema kiasi, bei, siku ya malipo, nani anamiliki jina, na kila upande unaweza kujitoa vipi. Imesomwa barazani, wanaume nao wakiwepo, na ikabadilishwa mara kadhaa hadi bibi yule aliyeuliza swali akaridhika. Nakala iko kwa chifu wa lokesheni yetu. Kikundi chochote kinachoitaka kikaichukue bure, kibadilishe majina na idadi, na kikipata kifungu bora kuliko vyetu kituletee nasi tukiongeze.

Wako mtiifu,

Mweka hazina wa kikundi cha kina mama,
Msambweni, Kwale